Muuza Maziwa Asiyekunywa Maziwa

Dada yangu Gaudensia ameuza maziwa hapa Ruangwa mjini kwa miaka sita, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kumeza hata tone moja. Nalisema hili mapema ili asije mtu akaniambia namkingia kifua. Kuficha nimeficha vya kutosha, na mengine katika haya niliyafanya mimi mwenyewe, Koleta, mdogo wake.

Watu humwita Mama Rogath. Ng'ombe alimpata kwa mradi wa parokia: unapewa mtamba, unamtunza, akizaa jike unampeleka kwa jirani anayefuata kwenye orodha, nawe unaendelea kukamua. Lakini hapo usije ukaringa. Kamati ikisikia humtunzi, au wateja wanayalalamikia maziwa yako, inakuja kumfungua kamba na kumpeleka kwa mwingine. Shemeji yangu Evarist alivunjika nyonga kwa ajali ya pikipiki, shamba la korosho likamshinda, akabaki mtu wa kukaa kwenye kigoda na kukamua. Nyumba nzima ikawa inategemea kiwele cha mnyama mmoja. Tulimpa jina la Bibi Harusi kwa sababu ya baka jeupe lililomfunika uso kama shela.

Sisi Wamwera si watu wa ng'ombe, tusidanganyane. Babu zetu walilima mtama, mihogo na ufuta, na kitoweo chao kilikuwa kuku au cha kuwinda. Maziwa yalizidi kuonekana sokoni walipoingia wafugaji na makundi yao, na hiyo ni juzijuzi tu. Mimi na dada tulikua tukijua kwamba maziwa ni chakula cha mtoto mchanga, akishatembea basi, apewe uji.

Dada aliyaonja mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na minne, kwenye shule ya bweni ya masista. Ilikuwa sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa shule, na kila msichana alipewa bakuli la maziwa ya moto yenye sukari. Dada alikunywa lake na la rafiki yake. Katika Misa, wakati wa kupeleka vipaji, alikuwa katikati ya maandamano na kapu la karanga kichwani. Tumbo likamkata. Alilitua kapu pale pale sakafuni mbele ya padri akatoka mbio, na hakufika alikokuwa akienda. Sitasema zaidi, ni dada yangu. Wasichana wakampa jina la Mwenge, kwa vile alipita mbio na hakusimama popote, na jina hilo lilimfuata mpaka siku aliyomaliza shule. Mwanamke mtu mzima, ana mtoto aliyeoa, bado ukimtajia Mwenge anainuka na kutoka chumbani.

Sasa mtu wa namna hiyo akapewa ng'ombe.

Na huku kwetu anayeuza cha kunywa huonja kwanza yeye mwenyewe mbele ya mnunuzi. Marehemu mama yetu alikuwa mpika pombe, na hakuna mlevi aliyeshika kata kabla mama hajapiga funda lake. Tunasema kutoa sumu. Si kwamba unashukiwa, ni adabu tu, kama kubisha hodi. Basi asubuhi ya kwanza ya biashara mteja wa kwanza alisimama mlangoni na kidumu chake, anangoja. Dada akanigeukia, macho yamemtoka. Nikamnong'oneza, "Lowesha mdomo tu."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi aliinua kikombe cha bati, akakiinamisha, maziwa yakagusa mdomo wa juu, akakishusha, akajifuta kwa kanga na kusema, "Matamu leo." Nilijiona mjanja sana. Miaka sita ujanja wangu ulikula na kunywa pale nyumbani, na sisi wote tukala kwa mgongo wake.

Aliyeuvua nguo ni Shamimu, jirani yetu, mke wa Imrani. Shamimu ni fundi cherehani. Macho yake yamezoea kupima mambo ambayo wewe na mimi hatuyaoni. Ana binti mmoja, Samia, wa miaka saba, mwembamba kama chaki, na mwaka huu mwezi wa tano aliamua kumnenepesha. Akaanza kununua maziwa ya moto, kikombe kimoja asubuhi. Siku ya tatu akaja mlangoni kwetu.

"Mama Rogath, shikamoo. Samia jana kaumwa tumbo, usiku kucha chooni."

"Marahaba. Pole mama. Labda kala kitu."

Wiki iliyofuata akaja tena na habari ile ile. Tumbo limevimba, linaunguruma, mtoto anajikunja. Mara ya tatu hakusema shikamoo. Alisimama kwenye foleni pamoja na wateja wengine, akamtazama dada akiinua kikombe, akakiinamisha, akakishusha. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamwambia mteja gauni limembana: "Mama Rogath, kikombe kimeshuka kama kilivyopanda."

Watu wakageuka kutazama kikombe.

"Sijaelewa, mwanangu," alisema dada.

"Kilikuwa kimejaa mpaka kwenye ua lile la buluu lililochorwa ndani. Bado kipo kwenye ua la buluu. Mimi nakuangalia siku ya tatu hii. Hunywi."

Shemeji Evarist, kwa kutaka kuokoa jahazi, akakidaka kile kikombe na kukimaliza kwa mafunda mawili. Yeye maziwa anayanywa kama maji. Shamimu akamwambia, "Si wewe unayepima, baba. Anayepima ndiye ninayemuuliza." Na kwa desturi yetu alikuwa na haki.

Kuanzia siku hiyo maneno yakatembea. Kwamba kuna kitu anaweka. Kwamba maziwa yake hayagandi vizuri kwa sababu hiyo. Kwamba mtoto wa Shamimu ameacha maziwa siku nne na amepona kabisa, anaruka kamba. Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na ndilo lililotuua. Aliitwa bwana mifugo, akampima Bibi Harusi, akapima na maziwa, akasema yote safi. Watu wakamshukuru, wakamsindikiza, na aliporudi ofisini wakasema: sawa, ng'ombe mzima, lakini mbona mwenyewe hanywi?

Mwenyekiti wa mtaa, mzee Yasini, ni mtu mtaratibu. Alituita uani kwake, akasikiliza pande mbili, akasema baba wa mtoto, Imrani, yuko safari na lori la ufuta, anarudi baada ya wiki tatu. Akirudi watu wakae. Mama Rogath aje na maziwa yake, anywe mbele ya watu. Akinywa, mtu asiendelee kumchafulia jina. Akikataa, yeye Yasini atapeleka taarifa kwa kamati ya mradi, na kamati itaamua kuhusu ng'ombe.

"Wiki tatu ni nyingi," alisema mzee Yasini. Alidhani anatufariji.

Usiku dada hakulala, na asubuhi aliniambia twende Nachingwea. Ruangwa kuna matabibu, ila kila muuguzi ni mteja wake au shoga wa mteja wake. Tukapanda gari, tukakaa kwenye benchi la zahanati ya watu wasiotujua, na hata hapo aliangalia mlango kila ulipofunguliwa.

Tabibu alikuwa kijana anaitwa Dastani, mpole, kalamu mbili mfukoni. Dada alimweleza kwa kuzunguka sana, ikabidi nimkatize na kusema wazi: akinywa maziwa anaharisha, na sasa analazimika kuyanywa.

Dastani akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Mama, huo si ugonjwa. Mtoto mchanga ana kitu tumboni cha kusaga sukari ya maziwa. Wengi wetu utoto ukipita, kinapungua. Wale ambao koo zao zimeishi na ng'ombe tangu enzi, kinabaki kwa wengi. Ninyi huku wengi kinapungua, ila hamjui kwa sababu hamyanywi. Na hakingoji mtu awe mzee. Mtoto wa miaka sita, saba, tayari maziwa ya moto yanaweza kumsumbua. Yaliyoganda huwa na nafuu."

Dada alikuwa anakunja ncha ya kanga. Vidole vikasimama.

Nilimwona, na mimi nilikuwa nimesikia. Samia ana miaka saba. Tulijua wote wawili, pale pale kwenye benchi, na hakuna aliyelitaja jina la yule mtoto.

Dastani akampa utaratibu. Aanze na kijiko kimoja cha maziwa mgando, tena akiwa ameshiba, katikati ya chakula. Kila baada ya siku mbili tatu aongeze kidogo. Tumbo likilalamika arudi nyuma hatua moja. Asinywe kamwe akiwa na njaa. "Utumbo unazoea," alisema. "Si wote, lakini wengi unazoea."

Kwenye gari la kurudi nilisema, "Dada, yule mtoto." Sikumaliza.

"Nikimwambia Shamimu ataniuliza nimejuaje," alisema akiangalia nje. "Nikimwambia nimejuaje, basi miaka sita nimewauzia watu kitu ambacho mimi kinaniumiza, na nikajifanya naonja. Nani atanunua? Kamati itaniacha na ng'ombe? Acha ninywe kwanza. Nikishakunywa nitamwambia taratibu. Mtoto mwenyewe si ameacha maziwa? Mzima."

Hoja ilikuwa na mantiki, na mimi napenda mantiki inapoelekea ninakotaka.

Kijiko cha kwanza alikinywa Jumatatu, katikati ya ugali na kisamvu. Aliweka kijiko mdomoni akafumba macho. Kisha akakaa. Alikaa upande wa nyuma wa nyumba, karibu na choo, kuanzia saa saba mpaka saa kumi na moja, hafanyi kitu, anasikiliza tumbo lake. Nikimsemesha ananinyamazisha kwa kidole. Hapakuwa na kitu. Jumanne kijiko kimoja, hakuna kitu. Jumatano vijiko viwili, tumbo likasema maneno mawili matatu likanyamaza. Alianza kunihesabia vijiko njiani, kisimani, sokoni, kila tulipokuwa wawili. Hakutembelea mtu. Mazishi ya kijijini Matambarale, ya mtu wa ukoo wetu kabisa, hakwenda, akatuma salamu za rambirambi kupitia kwangu, kwa kuwa kule hakujua choo kiko wapi. Watu wa Matambarale nao wakaanza kuuliza.

Wateja walikuwa wamepungua mpaka wakabaki watano, walimu na watu wa maofisini waliotoka mikoa mingine, ambao hawajali nani kaonja nini. Maziwa yaliyobaki tuliyagandisha. Shamimu alipita mlangoni kila siku kwenda kwenye cherehani yake. Alisalimia, tukaitikia. Mtoto alikuwa akimfuata nyuma na daftari zake, na dada alikuwa akiangalia kitu kingine, kuku, ufagio, chochote.

Jumapili ya wiki ile ile aliharibu mwenyewe. Alikuwa amefika robo kikombe. Dada ni Mkatoliki wa kizamani, hali kitu tangu usiku akitaka kupokea Komunyo. Mapadri wamesema saa moja inatosha, yeye hataki kusikia. Sasa asubuhi ile zamu ya maziwa ilikuwa imefika na hakutaka kuiruka. Akafikiri, akajipa jibu: dawa haivunji mfungo. Maziwa haya ameagizwa na tabibu. Kwa hiyo maziwa haya ni dawa. Akayanywa, robo kikombe, tumbo tupu, tena na ishara ya msalaba.

Mimi nilikuwa kwenye kwaya. Wakati wa somo la pili nikamwona uso umepauka, jasho linamtoka na hii baridi ya mwezi wa sita. Wakati wa mahubiri alikuwa amejiburuza mpaka benchi la mwisho. Watu walipopanga mstari wa Komunyo, Gaudensia hakuwepo. Jioni shemeji Evarist alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole kama mkewe ana dhambi nzito ambayo mimi naijua. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Dada alilia siku ile. Hakulia kwa tumbo. "Siku zimebaki kumi na tatu, nimerudi kwenye kijiko," alisema. "Koleta, watamchukua. Nitamwambia nini Evarist?"

Nilimwambia aache ujinga, ale kwanza. Ndivyo ninavyobembeleza mimi. Tukaanza tena, kijiko, viwili, vitano. Safari hii tumbo lilikuwa limejifunza kitu, kwani siku ya nane alifika nusu kikombe cha mgando na akaenda kisimani na kurudi bila kuharakisha. Usiku ule alikula kwa raha, mara ya kwanza tangu mambo yaanze.

Siku nne kabla ya kikao, mzee Yasini akapita na ujumbe. Imrani amerudi. Yeye na mkewe wamekubali, ila si maziwa mgando. Mama Rogath anywe yale yale aliyokunywa mtoto, ya moto, kikombe kizima, akamuliwe ng'ombe watu wakiona, na yachemshwe kwenye jiko la Shamimu. Halafu watu wakae mpaka adhana ya adhuhuri, waone.

"Si tatizo, mzee," alisema dada. Mzee alipoondoka, dada akabandika maziwa jikoni.

Zile siku nne sitaki kuzirudia. Maziwa ya moto ni kitu kingine kabisa. Siku ya kwanza robo kikombe pamoja na ugali kilimpindua. Siku ya pili robo ile ile ikakaa, kwa shida. Siku ya tatu nusu. Siku ya nne hakuthubutu kujaribu kikombe kizima, alisema akishindwa leo hataweza kuinuka kesho. Alikaa na Bibi Harusi bandani mpaka giza likaingia, amemshika nundu, hamwambii kitu. Nilimwona kwa mlango na nilikuwa na hasira, na dunia, na Shamimu na macho yake ya cherehani, na mimi mwenyewe zaidi ya wote.

Jumamosi alikula sahani ya ugali wa kushiba watu wawili. Saa nne tukaenda. Shemeji Evarist alikamua mbele ya mke wa mwenyekiti, nami nikaibeba sufuria mpaka uani kwa Shamimu, watu wakinifuata nyuma kana kwamba nimebeba maiti. Walifika thelathini au zaidi. Kamati ya mradi ilikuwa na mjumbe wake, Eustakio, amekaa kwenye kiti cha plastiki na bahasha yenye barua ya kumhamisha ng'ombe mapajani. Samia alikuwa amesimama nyuma ya gauni la mama yake. Maziwa yakachemka, yakaumuka, yakapozwa kidogo. Shamimu akamimina mwenyewe, mpaka juu.

Dada alikunywa. Hakufumba macho. Koo lilipanda na kushuka mara sita, niliihesabu kila moja, akakigeuza kikombe chini juu mbele ya mzee Yasini, na hakuna kilichodondoka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Haya."

Kisha kungoja. Watu wanadhani kunywa ndiko kulikuwa kazi. Dada alikaa kwenye mkeka, magoti pamoja, mikono imeshikana, uso kama wa mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Saa tano. Saa tano na nusu. Likanguruma mara moja, mimi niliyekaa ubavuni nilisikia, nikakohoa kwa nguvu kulifunika. Akanishika mkono. Imrani alikuwa akimwangalia bila kupepesa, mtu mwenye mtoto mmoja. Likanguruma tena, chini zaidi, kisha likatulia. Watu waliongea mambo ya ufuta, bei, mvua za mwakani. Mimi nilikuwa nasali Baba Yetu na kila mara naishia njiani.

Adhana ilinikuta katikati ya Baba Yetu nyingine.

Mzee Yasini alingoja imalizike, akasimama. "Mmeona wenyewe. Mama Rogath amekunywa, yuko salama. Jina lake ni safi. Ndugu Eustakio, ng'ombe abaki alipo." Eustakio akaitikia kwa kichwa, akaikunja bahasha bila kuifungua. Watu wakapiga makofi, na wale wale waliotuepuka wiki tatu walikuwa wa kwanza kutushika mikono. Wanne waliagiza maziwa ya kesho pale pale.

Shamimu alikuja analia. Alipiga magoti mbele ya dada, akamshika miguu. "Nisamehe mama yangu. Nimekukosea. Nilichanganyikiwa na mtoto."

"Yameisha," alisema dada. "Yameisha, mwanangu." Na alikuwa anatabasamu, Mungu amsaidie, mara ya kwanza kwa muda mrefu.

Shamimu akainuka. Alitaka kila mtu aone kwamba kweli yameisha. Akainua sufuria, akamimina maziwa yaliyobaki ndani ya kikombe cha plastiki, akamvuta Samia mbele. "Kunywa mama. Si umeona bibi amekunywa? Hamna kitu. Kunywa watu wakuone."

Mtoto alikiangalia kile kikombe. Hakulia, hakukataa. Alikunja midomo ndani na kuweka mkono mmoja tumboni, juu ya gauni, kama mtu anayejua kinachokuja na amekwisha kukubali. Kisha akakiinua kwa mikono miwili, maana ni mtoto mtiifu.

Dada yangu aliruka kutoka kwenye mkeka, sijui kwa miguu gani, akakipiga kile kikombe. Kiliruka mpaka ukutani. Maziwa yakamwagikia gauni la mtoto, mkeka na viatu vya Eustakio.

Watu wakarudi nyuma hatua moja. Kisha sauti ile ile ya nyuma ikasema, "Mnaona!" Imrani akawa amesimama, amemshika mtoto, na uso wake sikuupenda. Eustakio akaanza kuikunjua bahasha.

"Asinywe," alisema dada. Alikuwa anatweta. "Hamna kitu kwenye maziwa. Kitu kipo tumboni mwake. Na mwangu pia." Akawaambia. Akawaambia yote, wamesimama: shule, Misa, kapu la karanga, na akalitaja lile jina kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu thelathini. Akawaambia kikombe cha bati kilikuwa uongo miaka sita. Akawaambia ya Nachingwea na vijiko. "Mimi nimelizoesha tumbo wiki tatu ndiyo maana nimeweza. Huyu hajazoea. Angeumwa leo hii hii. Mpeni mgando, kidogo, akiwa ameshiba, au msimpe kabisa, hatakufa."

Hakuna aliyecheka, na mimi nilikuwa nimejiandaa kumpiga atakayecheka. Mzee Yasini alikaa chini polepole. Kisha akasema, "Ng'ombe ni mzima na maziwa ni mazima. Nilichosema nimesema. Abaki." Eustakio akairudisha bahasha mfukoni.

Shamimu alikuwa amechuchumaa anamfuta mtoto gauni. "Samia, maziwa yanakuuma?"

"Ndiyo."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Ukasema nadeka."

Shamimu aliendelea kufuta mahali pale pale palipokwisha kukauka. Kisha akainua uso, na macho yale ya fundi yakamtazama dada yangu kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Ulijua lini?" aliuliza.

Dada angeweza kudanganya. Hakuna mtu pale aliyejua isipokuwa mimi. "Kule Nachingwea," alisema. "Tabibu alipotaja umri."

"Wiki tatu, Mama Rogath. Wiki tatu umejifunza kunywa maziwa. Kuja kuniambia kungekuchukua muda gani?"

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na sufuria tupu mikononi, na nilijua ninaulizwa mimi pia.